Kusoma na Kufahamisha: Habari ya Mahubiri Katika Kanisa la Pwani

Watu wanapofanya jubilii hupenda kuhesabu mambo yanayoonekana kwa macho: makanisa yaliyojengwa, kengele zilizotundikwa, shule na nyumba za wagonjwa, na majina ya Maaskofu waliotangulia. Hesabu hiyo ni njema, wala hatuidharau. Walakini liko jambo moja lisilowekewa jiwe la msingi, nalo limefanyika Jumapili kwa Jumapili tangu siku ya kwanza hata leo. Mtu amesimama mbele ya wenzake, amefungua Maandiko Matakatifu, amesoma, kisha amejaribu kuwaambia maana yake. Likiondolewa jambo hilo, kengele itawaita watu waje kusikia nini?

Habari tunayoiandika hapa ni habari ya kazi hiyo. Twataka kuonyesha kwamba tangu zamani Kanisa halikutosheka na Neno kusomwa tu, lilitaka lifahamike. Na katika nchi zetu za pwani na bara, kufahamika huko kulipatikana kwa taabu, kwa kuuliza na kwa kusikiliza, wala si kwa sauti kubwa. Twawaandikia Wakristo wote wa mitaa yetu, na zaidi waalimu, ambao katika vijiji vingi ndio wanaohubiri mara nyingi kuliko Padre.

I. Mbele ya lango la maji

Mfano wa kwanza twaupata katika kitabu cha Nehemia, mlango wa nane. Wayahudi walikuwa wamerudi kutoka uhamishoni Babeli, na kuta za Yerusalemu zimekwisha kujengwa tena. Siku ya kwanza ya mwezi wa saba wakakusanyika, wanaume kwa wanawake, na wote waliokuwa na akili za kusikia, katika uwanja uliokuwa mbele ya lango la maji. Ezra mwandishi akasimama juu ya jukwaa la mti, akasoma torati tangu asubuhi hata adhuhuri.

Kama habari ingalikoma hapo, tungalisema ibada imekwisha: kitabu kimesomwa, watu wameinama, wameitika Amina. Lakini aliyeandika habari hii aliona ni lazima kutaja majina ya watu 13, pamoja na Walawi, walioingia katikati ya mkutano ili kuwafahamisha watu. Walisoma kwa sauti iliyo wazi, wakaeleza maana, hata watu wakajua kilichosomwa. Tazameni basi mambo matatu: kusoma, kueleza, na kufahamu. La kwanza ni la msomaji, la pili ni la mwalimu, la tatu ni la msikilizaji. Na kazi haijatimia mpaka la tatu limefika.

Sababu ya maelezo yale si ngumu kuitambua. Watu wale na baba zao walikuwa wamekaa ugenini, na wataalamu wengi hufikiri kwamba Kiebrania cha torati kilikuwa kigumu masikioni mwa wengi wao, maana walizoea Kiaramu. Nehemia mwenyewe, katika mlango wa 13, asikitika kwa kuwa watoto wengine hawakuweza kusema lugha ya Kiyahudi. Walawi hawakuwalaumu watu kwa kutokujua kwao, wala hawakuwaambia wangoje mpaka wamejifunza. Waliwafuata pale pale walipokuwa.

Tena angalieni matunda yake. Watu walilia, kwa kuwa sasa walijua torati yataka nini kwao. Ndipo walipoambiwa wasilie, bali waende wakale na kunywa, na kuwapelekea sehemu wale wasiowekewa kitu. Wakaenda kwa furaha kubwa, na kitabu kinatuambia furaha hiyo ilitoka wapi: walikuwa wameelewa yale waliyoambiwa.

II. Masikio ya Waafrika

Kanisa la Kristo lilirithi desturi hii. Bwana wetu mwenyewe, katika sinagogi la Nazareti, alisoma chuo cha Isaya, akakifunga, akaketi, akaanza kueleza. Naye yule towashi wa Kushi, ambaye habari zake zimo katika mlango wa nane wa Matendo ya Mitume, alikuwa na cheo, na mali, na gari, na chuo mkononi. Hata kusoma alijua. Alichokosa ni mtu wa kumwongoza katika maana. Filipo hakumletea maneno aliyokuwa ameyatunga mbali. Alipanda garini, akaketi karibu naye, akaanzia katika Andiko lile lile alilomkuta akilisoma.

Katika Afrika ya kaskazini Kanisa la kale lilipata mwalimu mkuu wa jambo hili, Askofu Augustino wa Hipo, mji uitwao sasa Annaba, katika nchi ya Algeria. Aliliongoza Kanisa la mji huo hata alipokufa mwaka wa 430, na mahubiri yake, yaliyoandikwa na makarani walipokuwa wakimsikiliza, yangaliko kwa mamia. Kabla ya kubatizwa kazi yake ilikuwa kufundisha ufasaha wa kusema, kwa hiyo alijua sana kupamba maneno. Walakini katika kitabu chake juu ya mafundisho ya Kikristo, katika sehemu ya mwisho inayowahusu wahubiri, ametoa mfano mdogo ulio mzuri sana kwetu. Katika Kilatini neno os laweza kuwa mfupa, tena laweza kuwa kinywa. Tofauti ni kuivuta sauti au kuikata. Masikio ya Waafrika, asema Augustino, hayaipambanui tofauti hiyo. Basi mhubiri akitaka kutaja mfupa, na aseme ossum, neno la watu wa kawaida walilolichukia wanasarufi, ili watu wasije wakadhani anataja kinywa. Mwalimu wa ufasaha amekubali kuhesabiwa kuwa si fasaha, ili mtu wa shamba apate kujua.

Tena, kwa kuwa watu wa mashamba katika sehemu zile walisema Kipuniki, Augustino alipotaka kuwawekea Askofu watu wa mji wa Fussala alitafuta mtu aijuaye lugha hiyo. Hakutaka kundi la Mungu lichungwe na mtu asiyesikilizana nalo.

Kutoka Hipo hata pwani yetu ni mbali, na miaka iliyopita katikati ni zaidi ya 1,400. Lakini kazi iliyowangoja wahubiri wa huku ilikuwa ile ile.

III. Wageni walioketi kama wanafunzi

Johann Ludwig Krapf, Mjerumani aliyetumwa na chama cha CMS cha Uingereza, alikuja kukaa Mvita mwaka wa 1844. Mwezi wa Julai mwaka huo mkewe Rosine alikufa, na mtoto wao mchanga akafa pia. Hata katika msiba huo Krapf hakuacha kujifunza Kiswahili, na mwaka huo huo alianza kukifasiri kitabu cha Mwanzo. Mwaka wa 1846 alifika Johannes Rebmann, wakaanza kazi pamoja huko Rabai. Sarufi ya Kiswahili ya Krapf ilipigwa chapa mwaka wa 1850, na kamusi yake mwaka wa 1882, naye alikuwa amekufa mwaka uliotangulia. Rebmann alidumu katika nchi hata mwaka wa 1875, akarudi kwao hali macho yake yamekwisha kupofuka.

Waliobatizwa katika miaka ile walikuwa wachache sana, na mtu apendaye hesabu angeweza kusema kwamba ni hasara tupu. Lakini watu hao waliwaachia waliokuja nyuma maneno yaliyokusanywa, moja moja, kama mtu akusanyavyo mbegu. Wala tusiwasahau wale waliowapa maneno hayo. Hakuna mgeni ajuaye Kiswahili pasipo Mswahili aliyemfundisha. Na waalimu hao walikuwa watu wa pwani, Waislamu wenye elimu na adabu, ambao hawakuishika dini ya mgeni, lakini waliyasahihisha maneno yake kwa subira. Kanisa letu lina deni kwao, na jubilii ni wakati mwema wa kuyataja madeni.

Mwaka wa 1864 Askofu Tozer wa UMCA, yaani Misioni ya Vyuo Vikuu kwa Afrika ya Kati, alifika Unguja pamoja na Padre Edward Steere, mtu aliyesomea sheria kabla ya kupewa daraja takatifu. Steere naye aliketi kama mwanafunzi. Aliandika hadithi za watu wa Unguja kama alivyozisikia vinywani mwao, zikatolewa kwa chapa mwaka wa 1870, mwaka ule ule wa kitabu chake cha kuwafundisha wageni Kiswahili. Huenda mtu akauliza: Padre ana haja gani ya hadithi za sungura na simba, na za masultani? Haja ni hii. Katika hadithi alisikia jinsi Mswahili anavyosema kwa lugha yake mwenyewe: anavyoanza, anavyokatiza, anavyorudia neno, anavyowafanya watu wacheke na kunyamaza. Asiyejua jinsi watu wanavyosimuliana hadithi, atawasimuliaje habari ya Mwana Mpotevu?

IV. Mahubiri mahali pa soko la watumwa

Tarehe 5 Juni 1873 Sultani Barghash alitia sahihi mkataba wa kukataza biashara ya watumwa kwa njia ya bahari, na soko la watumwa la Unguja likafungwa. Mahali pa soko hilo, Mkunazini, pakanunuliwa kwa ajili ya Kanisa, na siku ya Krismasi mwaka ule ule jiwe la msingi la Kanisa la Kristo likawekwa. Siku ya Krismasi ya mwaka wa 1879 watu wakaingia kusali ndani yake. Steere, aliyekuwa Askofu tangu mwaka wa 1874, alikufa mwaka wa 1882, akazikwa nyuma ya altare.

Tufikiri kidogo juu ya wale waliosikiliza mahubiri huko. Wengi wao walikuwa wamekombolewa kutoka utumwani: Wayao, Wanyasa, Wamakua, na watu wa makabila mengine ya bara. Kiswahili hakikuwa lugha ya mama zao. Walikijua baada ya kutekwa. Na maneno ambayo mhubiri alikuwa nayo ya kuwaelezea Injili yalikuwa yamekwisha kukaliwa, kama nyumba yenye watu ndani. Injili, imani, toba, neema, sala: yote hayo yalitumiwa na Waislamu kabla hayajatumiwa na Wakristo, nayo yaliingia kanisani pamoja na maana waliyoyapa. Mtu wa pwani akisikia neno Mtume, alimfikiri Muhammad. Mhubiri alitaka wamfikiri Petro na Paulo na wenzao. Kwa hiyo kulisoma neno hakukutosha. Ilimpasa aseme ni nani aliyetumwa, katumwa na nani, na kwa habari gani.

Liko neno jingine lililo gumu zaidi. Mtume na mtumwa ni ndugu wawili, maana wote wawili wametoka katika tendo moja la kutuma. Lakini mmoja ni mwenye heshima iliyo juu, na mwingine ni yule aliyeuzwa sokoni. Nao wawili hawa wakutana katika mstari wa kwanza wa Waraka kwa Warumi, ambapo Paulo ajiita mtumwa wa Kristo, tena asema ameitwa kuwa mtume. Msomaji wa haraka huupita mstari huo kama salamu tu. Lakini fikirini unavyosikika kwa mtu aliyefungwa kongwa shingoni tangu ziwa la Nyasa hata Kilwa. Asipoelezwa maana, atadhani Mungu naye ni bwana mmoja zaidi katika hesabu ya mabwana aliowajua, na ya kwamba amewekwa huru na watu ili afungwe na mbingu. Mhubiri aliyeupita mstari huo bila kuueleza amemwacha msikilizaji wake sokoni.

Maana yenyewe ni kinyume cha soko. Bwana wa soko hununua watu kwa mali yake ili wamtumikie. Bwana anayehubiriwa na Paulo, kama tusomavyo katika mlango wa pili wa Waraka kwa Wafilipi, alijitwalia mwenyewe hali ya mtumwa. Na katika Injili ya Marko, mlango wa 10, asema amekuja kutumika, na kuutoa uhai wake uwe fidia. Neno hilo fidia, na lile kukomboa, watu wa Unguja hawakuhitaji kufundishwa kwa kitabu. Walijua kwamba mtu aweza kutolewa kwa malipo. Jipya waliloambiwa ni hili, kwamba Mlipaji amejilipa mwenyewe. Hapo ndipo Andiko linapoacha kuwa sauti na kuwa habari njema.

V. Waalimu waliokwenda kwa miguu

Steere alijua kwamba wageni peke yao hawataimaliza kazi hii. John Swedi alikuwa mmoja wa wavulana watano wa kwanza ambao Sultani aliwatoa katika jahazi la watumwa na kumpa Askofu Tozer mwaka wa 1864. Akapewa daraja la ushemasi mwaka wa 1879. Kwa upande wa Mvita, William Jones na Ishmael Semler walifanywa mashemasi na Askofu Hannington mwaka wa 1885. Cecil Majaliwa, Myao aliyetekwa utotoni na kuletwa Unguja, alisoma Kiungani, kisha akapelekwa kusoma Canterbury. Akawa shemasi mwaka wa 1886, na mwaka wa 1890 Askofu Smythies akampa daraja la upadre, wa kwanza miongoni mwa Waafrika wa UMCA. Miaka yake mingi ya kazi aliimaliza Chitangali, katika nchi ya kusini, kati ya Wayao wa kabila lake.

Tazameni mwendo wa mtu huyu. Alitolewa kwao kwa nguvu, akajifunza Kiswahili ugenini. Katika lugha hiyo akapata Maandiko, akarudi nayo kwa jamaa zake. Mwendo huo ulikuwa wa waalimu wengi ambao majina yao hayakuandikwa. Kutoka Kiungani, na kutoka shule za Magila na Masasi, vijana walikwenda kwa miguu vijijini, na kitabu kimoja au viwili mfukoni. Jumapili walisoma kwa Kiswahili, kisha wakaeleza kwa Kibondei, au kwa Kizigua, au kwa Kiyao, au kwa Kimakua. Kazi hii ya kuingia katikati ya lugha mbili ndiyo ile ya Walawi mbele ya lango la maji. Wala si kazi ndogo, maana asiyelielewa somo aweza kulisoma vizuri, lakini hawezi kuligeuza katika lugha ya mama yake. Lugha ya nyumbani humfichua mwalimu aliyesoma bila kufahamu.

Ubora wa waalimu hawa ulijulikana siku za taabu. Vita ilipoanza mwaka wa 1914, wamisionari Waingereza waliokuwa katika nchi iliyotawaliwa na Wajerumani walifungwa. Mapadre na waalimu Waafrika ndio walioendelea kuyatunza makanisa, na wengine miongoni mwao wakafungwa na kuteswa pia. Vita haikulinyamazisha Neno katika mitaa ile, kwa sababu lilikuwa limekwisha kuhamia katika vinywa vya wenyeji.

VI. Maneno hubadilika

Wakati huo huo kazi ya kufasiri iliendelea. Agano Jipya la Kiunguja lilitolewa zima mwaka wa 1883, na Biblia nzima mwaka wa 1891. Watu wa Mvita walipata Agano Jipya kwa lugha yao mwaka wa 1909, na Biblia nzima mwaka wa 1914. Mwaka wa 1937 ilitoka Biblia ya Karl Roehl, ambaye alijaribu kuyaacha maneno mengi yenye asili ya Kiarabu na kuweka ya Kibantu mahali pake, akitumaini kwamba watu wa bara wataielewa zaidi. Wengine walimsifu, wengine walisema kwamba maneno ya Kiarabu yamekwisha kuwa Kiswahili, na kuyatupa ni kuwatupa watu wa pwani. Mwisho, mwaka wa 1952, ilitoka Biblia ya muungano, iliyotengenezwa ili Wakristo wa sehemu zote wasome kitabu kimoja, nayo imesomwa makanisani mwetu tangu hapo.

Msomaji asidhani kwamba baada ya tafsiri njema kazi ya mhubiri imekwisha. Lugha ni kama mto. Kitabu ni kama jiwe lililomo mtoni. Jiwe lakaa, maji yapita. Tuchukue mfano wa mstari wa kwanza wa mlango wa tano wa Waraka kwa Wagalatia katika Biblia hiyo ya muungano. Ndani yake mna maneno matatu yaliyokuwa moto siku za babu zetu: ungwana, kuandikwa huru, na kongwa.

Zamani mwungwana alikuwa mtu asiye mtumwa, aliyezaliwa huru. Siku hizi mtu akisema fulani ni mwungwana, ana maana kwamba ana adabu, hana matusi, hulipa deni lake. Mithali isemayo kwamba ada ya mja hunena, mwungwana ni kitendo, ilipambanua zamani kati ya mtumwa na mtu huru. Leo twaitumia kumsifu mtu atimizaye ahadi. Basi kijana wa leo akisikia Paulo anawaambia Wagalatia habari ya ungwana, atafikiri kwamba Mtume anafundisha adabu njema. Atatoka kanisani akidhani dini ni upole wa tabia, na mstari ulioandikwa kuwatoa watu kifungoni utakuwa umemwamkia tu na kupita.

Kuandikwa huru kulikuwa jambo la karatasi. Bwana aliyemwacha mtumwa wake alimpa hati. Na baada ya amri ya mwaka wa 1897 iliyoondoa nguvu ya sheria juu ya utumwa katika Unguja na Pemba, watumwa waliweza kwenda mahakamani kudai uhuru wao. Katika Tanganyika utumwa ulikomeshwa kwa sheria mwaka wa 1922. Mwenye karatasi hiyo aliitunza kuliko fedha, maana aliyeipoteza aliweza kusumbuliwa tena. Na kongwa lilikuwa mti wenye panda uliofungwa shingoni mwa mateka ili asikimbie njiani. Watoto wetu hawajauona, na heri hawakuuona. Lakini kwa kuwa hawakuuona, yatupasa kuwaambia. Wasipoambiwa, hawatajua Kristo amewatoa katika nini, wala hawatajua kwa nini Paulo ashangaa kumwona mtu aliye huru akiinama mwenyewe ili afungwe tena.

VII. Neno kwa waalimu

Wahenga walisema, asiyejua maana haambiwi maana. Katika baraza la mafumbo mithali hiyo ni nzuri. Katika kanisa haifai hata kidogo, maana asiyejua maana ndiye hasa aliyetumiwa mwalimu.

Katika habari hizi zote twaona mambo machache yawezayo kushikwa na mwalimu yeyote, hata aliye na Biblia moja tu na taa ya kusomea. Kwanza, asome somo lake kwa sauti nyumbani, kabla ya Jumapili, si mara moja. Neno ambalo ulimi wake unajikwaa juu yake, mara nyingi ndilo ambalo akili yake pia haijalipita.

Pili, aulize. Krapf na Steere, watu waliosoma vyuo vikubwa, waliuliza wenyeji wa pwani. Mwalimu asione haya kumwuliza bibi kizee maana ya neno la zamani, wala kumwuliza mtoto amesikia nini. Kuuliza si ujinga.

Tatu, akae katika somo. Iko desturi mbaya ya kusoma mstari mmoja, kisha kuuacha na kuhubiri juu ya michango isiyolipwa, na walevi wa mtaa, na majirani waliogombana. Huenda maneno hayo ni ya kweli, lakini si hayo yaliyosomwa. Mhubiri na awe kama mbuzi aliyefungwa kwa kamba: ale majani yaliyo mbele yake, ashibe. Akikata kamba, ataingia shamba la watu, na Jumapili ijayo ataingia lile lile tena, maana ndilo alilolizoea.

Nne, apime kazi yake kwa jambo la tatu la Nehemia, yaani kufahamu. Kipimo chake si machozi ya watu wala sifa zao mlangoni. Aende Jumatatu shambani au kisimani, asikilize. Akimkuta mama mmoja anayeweza kumweleza jirani yake, kwa maneno yake mwenyewe, kwamba Paulo alikuwa mtumwa wa Bwana aliyekuwa mtumwa kwa ajili yake, basi mahubiri yamefika. Asipomkuta, asikate tamaa; arudi kwenye Kitabu, atafute mlango mwingine wa kuingilia.

Wale walioambiwa maana mbele ya lango la maji waliagizwa kuwapelekea sehemu wasiowekewa kitu. Katika mitaa yetu wako wengi wa namna hiyo: wagonjwa wasioweza kufika, vijana waliochoka kusikia maneno wasiyoyaelewa, wazee ambao Kiswahili cha kitabu kimewapita. Sehemu yao iko mikononi mwa aliyesikia na kuelewa. Mwalimu na aipeleke, naye msikilizaji na aipeleke, wiki hii.